Dakika Thelathini na Tano Nilizomwongezea Sista

KITUO CHA POLISI LUKANDA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Evaristo Sakuwaha
Umri: Miaka 70
Kazi: Mhudumu wa wodi ya wanaume, hospitali ya wilaya, Lukanda
Makazi: Nyumba za reli, mstari wa tatu, Lukanda
Mahali pa kuzaliwa: Moxico, Angola. Yuko Zambia tangu mwaka 1967.
Tarehe: Jumatatu, 14 Oktoba 2019, saa tatu na dakika kumi asubuhi
Anayeandika: Sajenti Besa Ng'andwe

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Sikuitwa. Nimeonywa na Sajenti kwamba nitakayosema yataandikwa na yanaweza kutumika mahakamani, hata dhidi yangu. Nimeelewa. Nilijifunza kusoma kwa mapadri kabla ya vita na sijaacha kusoma tangu hapo, kwa hiyo nimeomba nisomewe kila ukurasa kabla ya kutia sahihi, na Sajenti amekubali.

Nimefanya kazi katika wodi ya wanaume kwa miaka tisa. Nasukuma vitanda, nabadilisha mashuka, na nawatafsiria wagonjwa wanaotoka makambi ya wakimbizi. Umri wa kustaafu nilishaupita. Niliombwa nibaki kwa sababu hakuna mwingine.

Sista Nalishebo Mukelabai, muuguzi, namfahamu tangu alipohamia kwetu miaka sita iliyopita. Ananiita Babu. Ndiye aliyeko mahabusu hapa kituoni tangu Alhamisi jioni.

Wodi yetu ina vitanda thelathini na viwili. Wiki ile tulikuwa na wagonjwa arobaini na mmoja, tisa wakilala chini. Wauguzi wa wodi walikuwa watano tu. Wawili walikwenda Uingereza mwezi wa Machi. Mmoja wao alituma picha akiwa amevaa koti zito, kasimama kando ya barabara yenye theluji. Wengine walitazama koti. Sista Nalishebo aliitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Huyu anapata kulala. Tazameni macho yake." Wa tatu yuko kwenye likizo ya uzazi. Waliobaki ni Sista na mwenzake mmoja, wanapokezana usiku na mchana, na mmoja akitumwa kusindikiza mgonjwa hospitali ya mkoa, mwingine huunganisha zamu.

Sajenti ameniuliza hali ya afya ya Sista ilikuwaje kabla ya tukio. Nitasema nilichokiona kwa macho. Miguu yake ilivimba hadi akakata viatu vyake kwa wembe pale penye mshono. Alikuwa hanywi maji tangu alfajiri, kwa kuwa choo cha wafanyakazi kiko ng'ambo ya ua na hakuna wa kumshikia wodi. Mara mbili mwaka huu ameugua kwa sababu hiyo. Nshima yake, ugali wa huku, alikuja nayo kwenye bakuli na kurudi nayo. Jumanne, tarehe 8 Oktoba, tabibu wetu alimpima presha kwa mzaha, akaacha mzaha. Ilikuwa 178 kwa 112. Alimwambia aende nyumbani siku hiyohiyo. Sista akamuuliza, "Nimwachie nani?" Tabibu akakunja kipimo chake akaondoka. Jumatano nilimsikia Sista akizungumza na binti yake kwa simu. Mtoto ana miaka sita. Badala ya jina lake alimwita Kitanda cha Tisa, akajisahihisha, akaendelea kuongea kama vile hakuna kilichotokea.

Sasa nasema ya Alhamisi, tarehe 10 Oktoba.

Niliingia wodini saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi. Nilimkuta Sista Nalishebo akiandika. Alikuwa amefanya zamu ya usiku. Nikamuuliza mwenzake yuko wapi. Akasema ameondoka alfajiri na gari la wagonjwa, na mama aliyeshindwa kujifungua. "Leo naunganisha tena, Babu," akasema. Hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya siku kumi na moja, na siku kumi na moja hizo hakupumzika hata moja. Nilihesabu baadaye kwenye kitabu cha zamu.

Mnamo saa moja na dakika ishirini asubuhi alifika kitanda cha kumi na moja. Hapo alilala Mzee Jameson Hakalima, miaka 71, aliyekuwa fundi wa reli. Moyo wake ulikuwa umechoka na mapafu yalijaa maji. Alikuwa anapumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni inayotumia umeme. Mtoto wake, Bw. Luyando Hakalima, alikuwa amesimama dirishani. Alifika Jumanne kutoka Johannesburg, alikolelewa na ndugu wa mama yake tangu akiwa mdogo.

Mzee Hakalima ni Mtonga na Sista ni Mlozi. Hao ni watani. Sajenti anajua maana yake, lakini naomba iandikwe kwa sababu mlalamikaji, Bw. Luyando, hajui. Hata mimi sikujua. Mwaka wangu wa kwanza katika nchi hii niliwaona watu wawili sokoni wakitukanana matusi ya kuvunja mifupa, nikaingia kati kuwaamua. Waligeuka wote wawili wakanicheka mpaka wakashikana mabega.

Maneno yaliyosemwa nayakumbuka, na nitayasema yote, kwa kuwa ndiyo yaliyomleta Sista hapa.

Mzee Hakalima alisema, "Mlozi, umechelewa. Mtumwa gani anamwamsha bwana wake jua limeshatoka?"

Sista akajibu, "Nyamaza, mchunga ng'ombe wewe. Leo naizima hii mashine yako ufe, nikarithi ng'ombe wote."

Mzee akavuta pumzi mara mbili tatu, akasema, "Ng'ombe wangu hawali samaki kama ninyi Walozi. Kwako watakufa kwa njaa."

Sista alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa sare. Wiki nzima ile sikumwona akicheka mahali pengine. Nilikuwa nikipanga kazi zangu ili niwe karibu na kitanda cha kumi na moja saa ile, nami niusikie utani wao.

Bw. Luyando hakucheka. Aliniuliza, "Anamwambia baba yangu maneno gani hayo?" Nikamjibu, "Ni utani tu," nikaenda kusukuma kitanda cha mtu wa upasuaji. Nilimpa maneno matatu mtu aliyehitaji kuelezwa nusu saa. Hilo ni kosa langu la kwanza siku hiyo.

Saa nne na dakika tano umeme ulikatwa kama ulivyopangwa kwa upande wetu wa mji, hadi saa nane. Jenereta inawasha chumba cha upasuaji peke yake. Sista alimhamisha Mzee Hakalima kwenye mtungi wa oksijeni. Mitungi ilikuwa miwili, mmoja uliokwishatumika kidogo na mmoja uliojaa. Mtungi hufunguliwa kwa spana, na spana katika hospitali nzima ni moja. Zile nyingine zilipotea. Kwa hiyo muuguzi wa zamu huifunga kwa kipande cha bendeji na kuiweka mfukoni mwake, wala haiachi mezani. Sista aliutumia kwanza ule uliotumika. Aligonga kipimo cha mtungi kwa kucha, akakisoma, akanitazama.

Naomba hilo la kugonga liandikwe vizuri. Sindano ya kipimo hicho hukwama. Ukiitazama bila kugonga inakuonyesha hewa iliyokuwepo zamani. Wauguzi wote hukigonga kwanza. Nimewaona wakifanya hivyo miaka tisa.

Saa tano na nusu alikuwa anamaliza kugawa dawa. Nilimwona amesimama mbele ya faili la kitanda cha kumi na nne, kalamu hewani, bila kusogea. Nikamwendea. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimemwandikia dawa mara mbili, Babu. Sijampa. Nimeiona kabla sijampa." Kalamu ilikuwa inagonga ubao wa faili.

Nilimwambia akalale kidogo kwenye stoo ya mashuka. Alikataa. Nikamwambia, asipolala ataua mtu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Saa tano na dakika hamsini na tano alikubali. Mlangoni mwa stoo alinishika mkono wenye saa. Saa hii niliyovaa ni nzuri, haijawahi kunidanganya. Akasema, "Sita na nusu, Babu. Mtungi wa mtani wangu utafika saa saba kasoro robo, hauvuki hapo. Uniamshe sita na nusu. Usinionee huruma."

Nikasema, "Nimesikia, Sista."

Alilala juu ya marundo ya mashuka machafu, kwa kuwa masafi tulikuwa hatuna. Hakuvua viatu. Kabla sijaurudisha mlango alikuwa ameshalala.

Mnamo saa sita na nusu mchana nilikwenda kumwamsha. Niliufungua mlango. Alikuwa amelala kwa ubavu, mkono mmoja umefunika mfuko wenye spana. Uso wake ulikuwa umelegea. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba ni mtu mdogo. Ana miaka thelathini na minne. Nilikuwa nimesahau.

Sajenti anasema jambo ninalotaka kulisema sasa halihusiani na kesi. Nimemwomba aliandike, na amekubali kwa ufupi. Mwaka 1967 tulivuka mpaka kwa miguu, watu kumi na wawili, siku sita. Tulikuwa tukipokezana kukesha. Usiku wa sita ilikuwa zamu yangu, na mama mmoja ambaye hatukuwa ndugu hakuniamsha. Alikesha zamu yake na yangu. Nilipoamka jua lilikuwa juu na tulikuwa salama. Jina lake sikuwahi kulijua. Kwa miaka hamsini na miwili nimeamini kwamba hakuna mtu aliyenipenda kuliko yeye.

Basi nilisimama mlangoni na sikumwita Sista. Nilirudi kitanda cha kumi na moja, nikakitazama kipimo cha mtungi. Sindano ilikuwa mbali na rangi nyekundu. Nikajiambia bado kuna hewa ya kutosha, acha alale robo saa. Sikugonga.

Saa saba kasoro robo nikatazama tena. Sindano ilikuwa palepale. Mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini haijasogea. Mimi nilifurahi. Mzee Hakalima alikuwa amefumba macho na mtoto wake ameketi kando, anamshika mkono. Nikaenda kumgeuza mgonjwa wa kitanda cha ishirini na saba, ambaye ana vidonda vya mgongo.

Saa saba na dakika tano Bw. Luyando aliita. Hakupiga kelele, aliita tu, "Njooni, njooni," kama mtu anayeita teksi. Nilifika nikaona midomo ya Mzee imebadilika rangi. Niliweka sikio kwenye mpira wa puani. Hapakuwa na kitu. Hapo ndipo nilipokigonga kipimo, na sindano ikaanguka hadi mwisho.

Nilikimbia stoo. Nilimwamsha Sista kwa kumtikisa bega. Hakuniuliza saa ngapi. Aliinuka na spana mkononi, akakimbia, kiatu kimoja kikabaki mashukani. Mtungi wa pili ulikuwa wazi ndani ya dakika mbili. Nilitazama saa. Kisha akaanza kumkandamiza Mzee kifua. Alifanya hivyo hadi tabibu alipofika mbio kutoka chumba cha wagonjwa wa nje, na hata tabibu aliposema inatosha hakuacha mara moja. Mzee Jameson Hakalima alithibitishwa kufariki saa saba na dakika thelathini na moja mchana.

Sista alimfunga kidevu yeye mwenyewe, akanyoosha mikono yake. Akasema, "Mtani, hata leo umenitangulia." Bw. Luyando alikuwa amesimama pale na aliyasikia. Akasema, "Asubuhi ulimwambia utamzimia mashine. Nilikusikia." Bw. Luyando alitoka kuja hapa polisi.

Kati ya saa nane na saa kumi nilikuwa na Sista chumba cha wauguzi. Nilimwambia nitaeleza kwamba aliniambia nimwamshe na sikumwamsha. Alikuwa anaandika kwenye kitabu cha ripoti. Bila kuinua macho akasema, "Wewe hukuwepo, Babu." Nikamwambia nilikuwepo. Akasema, "Ombi lako la ukaazi wa kudumu liko wizarani mwaka wa tano sasa. Ukiingia kwenye kesi ya kifo watakurudisha wapi? Unamjua nani huko? Mimi ni mzaliwa wa hapa. Nina chama cha wauguzi." Kisha akasema, "Nimechoka. Usinibishie."

Sikumbishia. Saa kumi na moja na dakika ishirini polisi walimchukua. Sista alimwachia zamu muuguzi aliyetolewa wodi ya watoto, na wakakabidhiana wagonjwa wote arobaini, kitanda kwa kitanda, huku askari wakisubiri koridoni.

Ijumaa asubuhi nilitumwa kupeleka kitabu cha ripoti kwa metroni. Nilikisoma njiani. Sista ameandika kwa mkono wake: "Muuguzi wa zamu alisinzia. Hakumwambia mtu yeyote." Nathibitisha kwamba sentensi ya pili si kweli.

Ijumaa na Jumamosi nilikwenda kazini, nikarudi nyumbani, sikusema kitu. Najua Sajenti ataniuliza kwa nini. Niliogopa. Moxico niliyoiacha imebaki kwangu kama kijito na kanisa lenye paa la bati, na nimeambiwa vyote viwili havipo tena. Sina pengine pa kurudishwa.

Jana, Jumapili tarehe 13, saa tisa mchana, nilikwenda msibani kwa marehemu. Mazishi yanasubiri matokeo ya uchunguzi wa mwili. Watu walikuwa wengi lakini kimya, na sufuria za chibwantu, togwa ya mahindi, zilikuwa zimejaa, hakuna anayekunywa. Dada mkubwa wa marehemu, anaitwa Bina Choolwe, alikaa mlangoni. Akauliza kwa sauti, "Walozi wangu wako wapi? Siku nne tunalia bila kupumzika. Nani atakuja kutuibia kuku? Nani atamtukana kaka yangu mpaka tucheke?"

Walozi wa mji huu hawakuja. Wengine waliogopa, wengine waliona haya.

Bw. Luyando akasema, "Shangazi, yule Mlozi ndiye aliyemuua. Alisema atamuua, na amemuua."

Bina Choolwe akamwambia, "Na baba yako alimwita mtumwa. Mbona yeye hukumpeleka polisi?"

Watu wawili watatu walicheka. Bw. Luyando alishika kichwa. Niliona kwamba hana ubaya. Ni mtu aliyefika kwao amechelewa, na hakuna aliyemwonyesha mlango uko wapi. Akasema taratibu, "Basi mtu aniambie kwa nini hakuwepo. Hilo tu. Baba anakosa hewa, yeye yuko wapi?"

Mimi nilikuwa nimeketi hatua nne kutoka kwake, kikombe mkononi. Nilijua jibu peke yangu katika ua ule. Nilisema nyumbani kuna mgonjwa, nikaaga. Hapakuwa na mgonjwa. Usiku sikulala, na leo asubuhi nimekuja hapa badala ya kwenda kazini.

Jibu la swali la Bw. Luyando ni hili. Alikuwa amelala kwa sababu mimi nilimlaza. Aliendelea kulala kwa sababu mimi sikumwamsha. Alinipa saa na alinipa sababu, na alinikataza kumwonea huruma. Nilimwonea. Dakika thelathini na tano nilizomwongezea hazikuwa zangu, wala hazikuwa zake. Zilikuwa za Mzee Hakalima.

Sikulipwa wala kuahidiwa kitu. Hakuna aliyenituma. Nimesomewa niliyoyasema na nimesahihisha saa mahali pawili. Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo, na sina la kupunguza.

Sahihi: E. Sakuwaha
14 Oktoba 2019, saa tano na dakika arobaini asubuhi

MAELEZO YA ASKARI

Nathibitisha kwamba maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti Besa Ng'andwe, kama yalivyotolewa, na kwamba shahidi aliyasoma mwenyewe mara ya pili baada ya kusomewa. Nilimweleza kwamba anaweza kushtakiwa. Alisema anajua. Amekabidhi kitambulisho chake cha ukimbizi na saa yake ya mkononi, ambayo alitaka ipokelewe kama kielelezo. Saa nimemrudishia.

Nilimuuliza kama ana la kuongeza. Aliuliza mtuhumiwa ana hali gani. Nilimjibu kwamba tangu aletwe amelala karibu muda wote. Askari wa zamu humpelekea chakula, na wakimkuta usingizini humwacha, kwa kuwa wanaona amechoka sana.

Shahidi alisimama. Alisema, "Msimwache. Ana presha, na kumbe hajala tangu Alhamisi. Mwamsheni."

Nimetoa maagizo aamshwe, na tabibu aitwe.